Mtu Mzima na Heshima Zake: Mwanamke, Mazoezi na Umri

Shangazi yangu ana miaka 62. Kila siku, kabla hakujapambazuka, hutoka nyumbani akatembea karibu saa nzima, na kila siku hubeba mkoba. Ndani ya mkoba hamna kitu. Siku nilipomuuliza wa nini, alinijibu bila kusita: "Mwanangu, mwanamke wa rika langu akionekana anatembea mikono mitupu, watu watauliza ana nini. Akibeba mkoba, anakwenda mahali."

Jibu lile halijanitoka. Mwanamke mtu mzima anaruhusiwa kutembea mwendo wowote ule mradi awe anamwendea mtu mwingine: kumwona mgonjwa, kumpeleka mjukuu shule, kumfuatia mumewe dawa. Hapo hakuna atakayegeuza shingo. Akitembea kwa ajili ya miguu yake mwenyewe, ghafla anadaiwa maelezo. Ni aibu gani hii inayomfanya mtu aliyekwisha kulea watoto wanne aufiche mwendo wake gizani?

Wanaoona vibaya mwanamke wa umri huo kuvaa raba na kukimbia wana sababu zao, na zinastahili kusikilizwa vizuri. Utu uzima una uzito wake. Mtoto hukimbia, kijana huruka, mzee huketi akaletewa. Mahali pengi duniani utulivu wa mwili ndio unaomtambulisha mtu aliyefika, na huo utulivu ni heshima aliyoitafuta kwa miaka. "Mtu mzima na heshima zake, arukeruke mbele za watu?" Mara nyingi anayesema hivyo anamwonea huruma, hana chuki naye. Mtoto anayempokea mama yake mzigo mlangoni anamlipa kidogo tu ya yale aliyofanyiwa. Na mama mwenyewe, baada ya miaka 40 ya kuamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, akisema sasa nimechoka, acheni nikae, nani ana haki ya kumnyanyua?

Hoja hiyo inanigusa. Lakini mwili hausomi heshima. Kuanzia miaka ya 30 binadamu hupoteza misuli kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huongezeka. Kwa mwanamke kuna jambo la ziada: hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa ambayo ilikuwa ikilindwa nayo huanza kupungua kwa haraka. Katika kila wanawake watatu waliovuka miaka 50, mmoja atavunjika mfupa kwa sababu ya mifupa iliyodhoofika. Kwa wanaume ni mmoja kati ya watano. Basi mzigo unapokewa, kiti kinasogezwa, maji yanaletwa, yote kwa mapenzi, na kila tendo hilo la mapenzi linaipunguzia miguu kazi moja iliyokuwa ikiitunza.

Nililiona hili kwa macho miaka miwili iliyopita. Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho wataalamu wa tiba ya viungo hukitumia: unakaa kwenye kiti cha kawaida, unapishanisha mikono kifuani, kisha unahesabiwa umesimama wima mara ngapi ndani ya sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, akishindwa kufikisha mara 12 huhesabiwa yuko chini ya wastani na yumo katika hatari ya kuanguka. Shangazi alianza vizuri. Mara ya tano magoti yakaanza kutetemeka. Ya saba alijisukuma kwa mwili wote mbele kama mtu anayetoka kwenye tope. Ya nane akashika meza. Alikaa kimya akiyatazama mapaja yake, kisha akasema, "Na hii ndiyo miguu iliyobeba watoto wanne." Hakuwa mgonjwa. Hakuna daktari aliyewahi kumwambia ana tatizo. Alikuwa tu mtu aliyeheshimiwa sana.

Wanaoona vibaya wana hoja ya pili, ya usalama, na hii ndiyo inayohitaji kuchambuliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake uongo wa zamani umechanganyika na ukweli.

Uongo una historia ndefu. Mwaka 1928, katika Olimpiki ya Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia mita 800. Wanariadha tisa walioingia fainali walimaliza wote, na Lina Radke wa Ujerumani akashinda. Magazeti yakaandika habari za wanawake walioanguka ovyo kwa kuchoka, kana kwamba mwanamume hajawahi kulala chini baada ya mbio, na umbali huo ukafutwa kwa wanawake hadi Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Mwaka 1967 Kathrine Switzer alipokimbia marathoni ya Boston akiwa na namba yake kifuani, msimamizi mmoja alimrukia barabarani akitaka kuing'oa. Marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki ilisubiri hadi 1984, Los Angeles. Miaka yote hiyo sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu: mwili wa mwanamke hauwezi, kizazi kitaharibika.

Hebu tazama sababu hiyo inavyogeuka umri unaposonga. Akiwa msichana aliambiwa asikimbie kwa kuwa bado hajazaa. Akishazaa anaambiwa asikimbie kwa kuwa ameshazaa. Sababu zinapokezana, amri inabaki ileile: kaa.

Na ukweli je? Upo. Mwaka 1984 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 59 waliokuwa na udhaifu wa mifupa ya uti wa mgongo. Waliofanya mazoezi ya kuinama mbele na kujikunja, asilimia 89 walipata mivunjiko mipya ya uti wa mgongo. Waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kuelekea nyuma walikuwa asilimia 16, na wasiofanya mazoezi kabisa asilimia 67. Lilikuwa kundi dogo, lakini takwimu zile zinawapa nguvu watu wa pande zote mbili. Anayesema "utaumia" hakosei: zoezi lisilofaa, kwa mwili usiopimwa, linaweza kukuumiza kuliko kukaa. Asichokisema ni kwamba kukaa nako kulikuwa na mivunjiko yake, tena mingi.

Zoezi lifaalo lina sura gani? Huko Australia, katika utafiti ujulikanao kwa jina la LIFTMOR uliochapishwa 2018, wanawake waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua, wastani wa umri wao miaka 65, walifundishwa kunyanyua vyuma vizito hasa, siyo vile vidogo vya rangi rangi, na kuruka kwa kishindo. Walifanya dakika 30, mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane, chini ya jicho la msimamizi muda wote. Msongamano wa mifupa ya uti wa mgongo sehemu ya kiunoni uliongezeka kwa asilimia 2.9. Wenzao waliopewa mazoezi mepesi ya nyumbani walipungukiwa asilimia 1.2. Pengo hilo linaonekana dogo hadi ukumbuke kwamba katika umri ule mifupa hutarajiwa kushuka tu. Na kwa wanaodhani wamechelewa, utafiti wa Boston wa mwaka 1990 uliwachukua wazee wa wastani wa miaka 90 wanaoishi katika nyumba ya wazee, wakafanya mazoezi ya nguvu za miguu kwa wiki nane, na nguvu hizo zikapanda kwa asilimia 174.

Kwa hiyo tahadhari ni kitu cha kweli, ila inadai msimamizi, kipimo cha mifupa, kipimo cha presha na kuanza polepole. Haidai kiti.

Ipo hoja nyingine ambayo nimeisikia zaidi kwa wanawake wenyewe kuliko kwa wanaume: kazi za nyumbani ni mazoezi tosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawakubalia kwa sehemu. Dakika 150 hadi 300 za kuuchangamsha mwili kwa wiki zinaweza kutoka popote, hata kwenye kufagia na kubeba. Lakini mwongozo huohuo unaongeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na zaidi, mazoezi ya nguvu na mizania ya mwili siku tatu. Ufagio hauongezeki uzito mwaka hadi mwaka, na misuli huimarika kwa kuongezewa mzigo. Tena kazi ya nyumbani haikuulizi kama mgongo umepona tangu jana.

Na hapa ndipo ninapoona watu wengi wanakosea wanapohesabu wanawake wasiofanya mazoezi na kuwaita wavivu. Ni kweli kwamba kwa mwaka 2022 Shirika hilo lilikadiria asilimia 34 ya wanawake duniani hawafikii kiwango, dhidi ya asilimia 29 ya wanaume. Lakini Shirika la Kazi Duniani nalo, mwaka 2018, lilieleza kwamba wanawake ndio wanaobeba zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi za kutunza familia zisizo na malipo. Mwanamke wa miaka 55 mara nyingi ana mzazi mgonjwa upande mmoja na mjukuu upande mwingine. Ukimwambia "jipende, tenga saa moja," mwambie pia ni nani atakayekaa na mgonjwa saa hiyo.

Sasa upande wa pili, ule unaompigia mwanamke makofi akiingia jimu. Ningependa niwe upande huu moja kwa moja, na siwezi. Wengi wanaomkaribisha hawamwiti aje kupata nguvu. Wanamwita apunguze tumbo, aondoe mikono iliyolegea, aonekane ana miaka kumi pungufu. Tangazo halimwoneshi anayeinuka kitini bila kushika meza. Linamwonesha aliyefanikiwa kutokuonekana mzee. Wale wa kwanza walimwambia mwili wako umekwisha, hawa wanamwambia mwili wako usithubutu kuonyesha umri. Wote wanamtazama kutokea nje.

Hata mifano mizuri huweza kumlemea. Mtawa wa Marekani, Madonna Buder, alianza kukimbia akiwa na miaka 48, na mwaka 2012, akiwa na 82, alimaliza mashindano ya Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha marathoni nzima. Namheshimu sana. Ila nimeona picha za wanawake kama yeye zikimfanya mwanamke wa kawaida ajione amekwisha kushindwa kabla hajaanza, ilhali anachohitaji ni kupanda ngazi za nyumba ya binti yake.

Pamoja na hayo, hawa washangiliaji wana jambo moja la maana, nalo ni kwamba namna mtu anavyouona uzee wake ina uzito. Mwaka 2002 mtafiti Becca Levy na wenzake walichapisha matokeo ya watu 660 wa jimbo la Ohio, Marekani, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20: waliouona uzee wao kwa jicho zuri waliishi miaka 7.5 zaidi ya walioukatia tamaa. Mtu anaweza kusema wagonjwa ndio hukata tamaa, lakini watafiti waliizingatia hali ya afya katika hesabu zao na tofauti ikabaki. Kwa hiyo maneno tunayomwambia mwanamke kuhusu mwili wake si upepo tu.

Kuhusu mavazi na staha sitakaa sana. Wapo wanaodhani kwamba mwanamke anayetaka kujisitiri, au anayetaka saa za wanawake peke yao, bado hajafunguka macho. Mara nyingi kizuizi kilikuwa kanuni, siyo nguo: FIFA iliruhusu rasmi vazi la kichwa mwaka 2014, chama cha mpira wa kikapu duniani mwaka 2017, na wachezaji waliokuwa wamefungiwa nje wakapata mlango. Ukumbi ukitenga saa mbili za wanawake watu wazima na akapatikana mkufunzi anayejua mifupa ya umri huo, wengi wanaosemwa hawataki wataonekana.

Ninachokipigania mimi ni kipimo kingine. Tuache kuuliza anaonekanaje, tuulize anaweza nini: kuinuka sakafuni, kubeba mjukuu, kujizuia asianguke akijikwaa. Kwa kipimo hicho mtoto mwenye heshima atampokea mama yake mzigo mmoja na kumwachia mwingine, na mkufunzi atafunika kioo na kuhesabu kilo.

Mwezi uliopita nilimpima tena shangazi, kiti kilekile, mikono kifuani. Alisimama mara 13. Hajapungua mwili, na uso wake ni wa miaka 62. Bado anatoka gizani, na bado anabeba mkoba. Nilipounyanyua ili nimpishe mlangoni nilishangaa mkono ukishuka: alikuwa ametia chupa mbili za maji za lita moja na nusu, moja kila upande, na kuzifunga kwa kitambaa zisigongane. "Nilikuwa nimeshauzoea mtupu," akasema, akauchukua mkononi mwangu.