Kinyozi Ameiona Atlantis

Ndugu zangu, siku hizi hata ndevu hazinyolewi kwa amani. Leo nimeketi kwa kinyozi, kitambaa kimeshafungwa shingoni, ndipo mwenye wembe aliponitangazia kwamba Atlantis, ile nchi ya hekaya iliyozama baharini, imepatikana, nayo iko Mauritania, katika lile duara la miamba la Richat. Asubuhi konda alikuwa ameshaizika chini ya barafu ya Antaktika, na shemeji yangu anaapa kwamba ni Santorini, kisiwa cha Ugiriki. Hao niliwaachia, kwa kuwa hawakushika wembe.

Kwa heshima zote nilimkumbusha kijana huyo kwamba Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyetusimulia kisa hicho, anataja kisiwa kilichokuwa mbele ya Nguzo za Herakles, yaani mlango-bahari wa Gibraltar, kikazama kwa mchana na usiku mmoja, ilhali Richat iko jangwani, mamia ya mita juu ya usawa wa bahari.

"Maji yalikauka, mzee," akanijibu, akinigeuza kichwa kama anachagua tikiti.

Nikamwambia kwamba pete za maji na nchi kavu za mji mkuu wa Atlantis, kwa vipimo vya Plato mwenyewe, zina upana wa kilomita 5 hivi, na duara la Richat lina takriban 40.

"Plato alikadiria."

Basi mtu anayekadiria namna hiyo, mbona mnamwamini anapotaja miaka 9,000 kabla ya Solon, yule mtunga sheria wa Athene, merikebu 1,200 na magari ya vita 10,000? Wembe ukatua kwenye koromeo, nami nikaafiki, kwa muda, kwamba Plato alikadiria.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba wote wanawatafuta walioshindwa. Kisa kile kinawasifu Waathene wa kale waliowazuia wafalme wa Atlantis wenye kiburi, na jeshi la Waathene hao nalo lilimezwa na ardhi katika msiba uleule, lakini sijasikia mtu akilichimba. Wanasoma habari za Poseidon, mungu wa bahari, na jozi zake tano za mapacha, wanameza mate kwa kuta zilizong'aa kwa orikalko, ile metali ya thamani ya hekaya, kisha kiburi wanakiruka! Hiyo ni hekaya ya Plato ya kuwaonya Waathene wa wakati wake, waliolewa manowari na himaya, wala si ramani. Tena hakuimaliza: Zeus anaikusanya miungu, anataka kusema, maandishi yanakatika.

"Alikuwa anataja mahali," akasema kinyozi.

Hapo mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyekuwa akingoja zamu yake, akauliza orikalko inakwenda shilingi ngapi kwa kilo.