Mafuta ya ng'ombe kati ya daktari na mpishi

Agosti 2013, jijini London, Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht aliwaonjesha watu wawili baga ya nyama ya ng'ombe iliyooteshwa maabara. Iligharimu takriban euro 250,000. Walikubali kwamba inatafunika kama nyama, lakini waliona imepungukiwa kitu kimoja: mafuta. Aliyewahi kupita karibu na jiko la nyama choma anajua walichokikosa. Mafuta yakidondokea mkaani, moshi wake ndio unaomsimamisha mtu njiani.

Ndani ya mafuta hayo zimo seli shina, yaani seli changa ambazo zikilelewa ipasavyo huweza kugeuka mafuta, gegedu au mfupa. Si lazima ng'ombe achinjwe ili kuzipata. Hupigwa ganzi karibu na shina la mkia, ngozi ikapasuliwa kidogo, kikatolewa kipande cha mafuta. Kipande hicho sasa kinagombewa na madaktari wa mifugo na watengenezaji wa nyama ya maabara.

Nianze na madaktari, maana hoja yao ndiyo inayonigusa zaidi. Anayekamua alfajiri anaujua ugonjwa wa kiwele: unaminya chuchu, maziwa ya kwanza yanatoka na mabonge, kiwele kina joto, na ng'ombe mpole wa jana anarusha teke. Atachomwa antibiotiki, na maziwa yake yatamwagwa kwa siku kadhaa. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hujichimbia ndani ya kiwele, kwa hiyo ugonjwa hurudi. Mwaka 2020 watafiti wa Chile walichapisha jaribio ambalo viwele vilivyoambukizwa bakteria huyo vilitiwa seli shina za mafuta, na idadi ya bakteria kwenye maziwa ikapungua kuliko kwa ng'ombe wasiotibiwa. Seli hizo hutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kupambana na vijidudu.

Ni habari njema, ila lilikuwa jaribio dogo, tena la ugonjwa uliopandikizwa makusudi. Halafu kuna bei. Marekani farasi walioumia kano walianza kutibiwa kwa seli za mafuta yao wenyewe mwaka 2003, na mwenye farasi wa mashindano hulipa bila kusita. Ng'ombe wa lita nane kwa siku hawezi kubeba bili kama hiyo. Atakayeanza leo kumuuzia mfugaji sindano ya seli shina kama tiba iliyothibitika atakuwa anamwibia.

Kwa upande wa nyama, ugumu uko kwenye wingi. Tiba inahitaji seli kwa mamilioni. Kitoweo kinazihitaji kwa mabilioni na zaidi. Baga ile ya London ilikusanywa kutoka nyuzi 20,000 hivi za misuli. Na seli hizi huchoka: kadiri zinavyogawanyika, ndivyo uwezo wake wa kugeuka mafuta unavyofifia. Ndiyo maana naiona hatua ya Mosa Meat, kampuni aliyoshiriki Post kuianzisha, kuwa ya busara. Januari 2025 iliomba kibali cha Umoja wa Ulaya kwa ajili ya mafuta peke yake, yachanganywe na vyakula vya mimea. Mafuta kidogo hubeba ladha kubwa.

Italia imekwisha kufunga mlango. Sheria yake ya 2023 inapiga marufuku nyama ya maabara, kwa faini ya euro 10,000 hadi 60,000, kwa hoja ya kulinda wafugaji na urithi wa chakula. Hofu ya mfugaji naielewa. Ng'ombe ni karo, mahari na benki. Lakini kumkataza mlaji asichague sikubaliani nako.

Ninachokidai ni ukweli kuhusu chakula cha seli zenyewe. Kwa miaka mingi maabara zimezilisha seramu, yaani majimaji yanayotolewa kwenye damu ya ndama aliye tumboni, mama yake anapochinjwa. Yapo maabara yanayokuza seli bila seramu hiyo, na huko ndiko kwa kwenda. Baraza la Dini ya Kiislamu la Singapore lilitoa fatwa mwaka 2024 kwamba nyama hii yaweza kuwa halali iwapo seli zimetoka kwa mnyama halali na hakuna kilichoongezwa kisicho halali. Damu si halali. Kwa hiyo atakayetaka kuniuzia aandike kwenye pakiti seli zimelishwa nini, kwa maandishi yanayosomeka, kabla sijauliza bei.