Hatari!: Filamu Iliyoupenda Mlima Meru na Kuwasahau Wameru

Katika filamu zote nilizozitazama maishani, hakuna iliyonifurahisha na kuniumiza kwa pamoja kama Hatari!, picha ya Kimarekani iliyoongozwa na Howard Hawks, ikapigwa hapa kwetu Arusha, hasa upande wa Momella, na kutolewa mwaka 1962, John Wayne akiwa ndiye stelingi. Juma lililopita tuliitazama tena nyumbani kwa jirani yangu wa Sakina, pamoja na vijana wanne wanaojifunza kutengeneza filamu na mzee mmoja mstaafu aliyezaliwa Ngarenanyuki. Dakika zake 157 zilipokwisha, tulibishana hadi usiku. Vijana walishikilia kuwa ni picha ya kikoloni isiyostahili kuoneshwa popote mkoani kwetu, ilhali mzee alisema kuwa ni hazina, na kwamba asiyeipenda hajui Meru ilivyokuwa. Nimeendelea kuyapima maneno yao, nami naona kuwa kila upande umeshika kweli moja na kuiacha nyingine.

Kisa chenyewe ni chepesi na sitakikalia sana. Kampuni ya wakamataji wa wanyama yenye makao Momella inakamata twiga, pundamilia, nyati na vifaru kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Anafika mpiga picha wa Kiitaliano anayeitwa Dallas, aliyeigizwa na Elsa Martinelli, na kiongozi wa kundi, yaani Wayne, anampenda huku akijifanya hampendi. Mapenzi hayo hayana uzito wowote, na maongezi ya mezani yangeweza kupunguzwa nusu nzima bila hasara.

Uzito wa filamu uko katika vipande vya kukimbiza wanyama, na hapo nakiri kuwa sijaona vingine vya kulinganisha navyo. Picha inafunguliwa na kifaru mweusi anayefukuzwa na magari mawili juu ya nyika yenye mawe na mashimo, Wayne akiwa ameketi kwenye kiti kilichofungwa ubavuni mwa lori kwa mbele, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi. Kifaru anageuka, anapiga gari kwa pembe, na mtu mmoja anajeruhiwa mguu hata ikabidi akimbizwe hospitali ya Arusha. Hawks alieleza baadaye kuwa waigizaji wenyewe ndio waliokamata wanyama, wakiongozwa na mkamataji wa kazi hiyo, Willy de Beer, na mtazamaji anaiona kweli hiyo katika miili yao: jinsi wanavyoyumba gari linapoingia shimoni, na jinsi nyuso zao zinavyobadilika kifaru anapokaribia kuliko walivyotazamia. Siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza vifaru elfu moja kwenye nyika isiyokuwepo, lakini haijaweza kunipa hofu ile inayonifanya niinue miguu yangu juu ya kochi.

Kuna pia kipande cha Dallas akiwapeleka tembo watoto majini kuoga, kikisindikizwa na muziki wa Henry Mancini ambao umekuwa maarufu kuliko filamu yenyewe, na kipande cha mwisho ambamo tembo hao watatu wanamfuata mitaani hadi ndani ya hoteli. Mzee alicheka mpaka machozi. Nyuma ya vipande vingi umesimama Mlima Meru, mita 4,566, na wakati mwingine Kilimanjaro kwa mbali, bila nguzo za umeme wala mapaa ya mabati. Mtu wa Usa River au Ngarenanyuki anapata humo kumbukumbu ya ardhi yake ambayo hakuna aliyekusudia kumhifadhia. Hoja hii ya mzee ni nzito, na vijana waliipita haraka mno.

Lakini tuwatazame watu. Katika nchi ile nzuri, Mwafrika anapika, anabeba, anaendesha, anacheka, anapokea amri. Hana nyumba tunayoingia, hana mke tunayemfahamu, hana shauri analoombwa. Kipande kinachonishinda kabisa kukitetea ni kile ambacho wenyeji wanamfanyia Dallas sherehe, wanampaka rangi na kumpa jina la Mama Tembo, kana kwamba watu wazima wenye wazee wao, rika zao na mila zao walikuwa wakimsubiri mgeni wa siku chache aje wamtukuze. Kila nikifika hapo natamani kupeleka picha mbele.

Wanaoitetea filamu husema kuwa ni mtoto wa zama zake, na kwamba si haki kuihukumu kwa macho ya leo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama zama hizo zingekuwa kimya. Sehemu za Arusha zilipigwa mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, miezi michache baada ya TANU kushinda viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria na Julius Nyerere kuwa Waziri Kiongozi. Filamu ilipoingia kumbini, Tanganyika ilikuwa imekwisha kuwa huru tangu tarehe 9 Desemba 1961. Hakuhitajika nabii kuyaona hayo; ilitosha mtu kushuka kwenye lori na kuuliza habari za mjini.

Tena liko jambo la karibu zaidi, lililomfanya mzee wetu anyamaze kwa muda alipolisimulia mwenyewe. Mwezi Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, yaani Ngarenanyuki, jirani kabisa na Momella, ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuliwasilisha shauri la watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Haikupita hata miaka kumi, na kamera ikaja kuipiga picha nyika ile ikiwa pana na tupu, tayari kwa magari ya kukimbiza vifaru. Simlaumu Hawks kwa kuchoma nyumba ambazo hakuzichoma. Ninachosema ni kwamba uwazi ule unaotusisimua katika vipande vizuri kuliko vyote si wa asili peke yake: pale panapoonekana patupu walikuwepo watu, na palipokosekana moshi wa jikoni mara nyingine ni kwa sababu jiko lilikuwa limebomolewa.

Kwa upande wa wanyama, kijana mmoja alisema filamu inafundisha ukatili, na hilo nalikubali kwa sehemu. Ukamataji wa kufukuza kwa gari ulikuwa na gharama isiyooneshwa: mnyama aliyekimbizwa kwa muda mrefu juani huweza kuharibika misuli na kufa saa au siku kadhaa baada ya kufungwa, akiwa amekwisha kuondoka machoni pa kamera. Bunduki za dawa ya usingizi ndizo zilizokuja kuiondoa kazi ile. Hata hivyo, si vitanzi vya Momella vilivyowamaliza vifaru wetu. Walikuwa maelfu wakati ule. Majangili wa pembe waliwapunguza hadi wakabaki makumi tu kufikia miaka ya 1990, na leo anayetaka kumwona anakwenda Ngorongoro, Serengeti, au kwenye hifadhi yenye ulinzi maalumu ya Mkomazi. Kifaru yule wa kipande cha kwanza, mwenye hasira na uhuru wa kugeuka na kupiga gari, ananihuzunisha zaidi kwa sababu hiyo.

Ili kumtendea Hawks haki, hakuwa peke yake katika mtazamo huo. Mwaka 1959 ilitolewa filamu ya Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar, kazi ya watu walioipenda nchi hii kwa moyo wote, hata Michael akafia humo kwa ajali ya ndege mwezi Januari mwaka huohuo na kuzikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nayo pia iliwatazama wanyama kama wenyeji na Wamasai kama tatizo la mipaka, katika mwaka uleule ambao wafugaji walilazimika kuiachia Serengeti kuwa hifadhi isiyokaliwa na watu. Kupenda ardhi bila kuwaona wenye ardhi lilikuwa kosa la wengi, wakiwemo watu wema.

Vijana waliniuliza kama inawezekana kuipiga miaka ileile kwa namna nyingine. Niliwatajia Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya mwisho wa ukoloni. Humo Denge na Yasmini ndio wanaopenda, wanaoogopa na wanaoamua, na anayebaki pembeni ni Mwingereza. Lakini niliwaambia pia kwamba Vuta N'kuvute haiifuti Hatari!. Arusha bado haijapata filamu yake ya miaka ile, na mpaka ipatikane, picha zenye mwendo za nyika ya Momella ya 1961 tutaendelea kuazima kwa mgeni.

Ndiyo maana sikubaliani na shauri la kuifungia kabatini. Kamera huona zaidi ya anayeiongoza. Katika vipande vya ukamataji, ukiyaondoa macho yako kwa Wayne, utawaona wanaume Waafrika wakiruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama, wakishika kamba na kumkwepa mnyama kwa hatua mbili zilizopimwa. Filamu haikuwapa majina wala maneno, lakini haikuweza kuuficha ustadi wao. Mara ya tatu ya kutazama ndipo nilipoanza kuwafuata hao tu, na picha ikawa nyingine kabisa.

Tumepatana kuionesha tena mwezi ujao, safari hii kwa watu wengi zaidi, kwenye ukumbi mdogo wa Usa River, pale barabara ya Momella inapochepuka. Vijana wametaka isimamishwe mara baada ya kifaru kupiga gari, na mzee amekubali kusimama mbele kwa robo saa aeleze habari za Novemba 1951, kabla hatujawasha tena.