Mistari Mitatu ya Glen Roy

Wanaoandika kuhusu Glen Roy, bonde la mto Roy katika milima ya Lochaber, Uskoti, hupenda kumcheka mwanasayansi Darwin kwa kudai kwamba mistari ya milimani pale ilichorwa na bahari. Naona wanamwonea.

Ukisimama pale watu wanapoegesha magari kutazama bonde, kaskazini mwa Roybridge, utaona mistari mitatu imezunguka milima ya pande zote mbili, imenyooka kama iliyopimwa kwa pimamaji: mita 350, 325 na 260 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji walisimulia kuwa ni njia za kuwindia za shujaa Fingal. Lakini panda ukaukanyage mmojawapo, huenda ukaupita bila kujua. Ni kibaraza cha upana wa mita kumi hivi, nacho chenyewe kimeinama. Jua likiwa chini, au theluji kidogo ikitanda, ndipo huonekana vizuri.

Ni fuo za kale. Ubishi ulikuwa juu ya kilichoyazuia maji. Darwin alifika mwaka 1838, macho yake yamejaa fuo alizoziona zimeinuliwa kule Chile. Kama ni ziwa, ukuta wake u wapi? Hakukuta hata kifusi cha kutosha, na mwaka 1839 akachapisha kwamba ilikuwa bahari. Swali lilikuwa zuri sana. Jibu lake ni kwamba ukuta ulikuwa wa barafu, ukayeyuka. Agassiz, mtu wa Uswisi aliyezoea barafu, alilitambua hilo mwaka 1840.

Kazi ya Jamieson, mwanajiolojia wa Uskoti, ya mwaka 1863 ndiyo iliyofunga mjadala. Miaka kama 12,000 iliyopita barafu ilisogea kutoka magharibi ikaziba Glen Spean, bonde pana linalopokea mto Roy. Maji yakapanda hadi mita 260, yakapata mwanya wa kumwagikia mashariki, yakatulia hapo na mawimbi yakakata ufuo. Barafu ikazidi kusonga, ikafunga njia ya kuufikia mwanya ule; maji yakapanda hadi mwanya wa mita 325, kisha wa 350 ulio kichwani mwa Glen Roy, yakashukia upande wa mto Spey. Barafu iliporudi nyuma, ziwa likashuka kwa ngazi zilezile.

Nikimlaumu Darwin, ni kwa hili: bahari haina sababu ya kusimama palepale penye mwanya. Tena ukishuka Glen Spean utakuta mstari wa mita 260 peke yake. Bahari ingechora yote mitatu.