Mzani Upo, Betri Ndiyo Haipo

Gesi haijawahi kuisha Jumatatu asubuhi, maduka yakiwa wazi na mshahara ukiwa bado una pumzi. Inaisha Jumamosi saa mbili usiku, maharage ndiyo kwanza yanaanza kutoa povu. Moto unapiga chafya mara mbili, unakata kauli. Hapo kila mtu nyumbani anageuka fundi. Huyu anasema tikisa mtungi, yule anasema ulaze. Jamani, msiulaze! Mle ndani gesi ni kimiminika, kinachotakiwa kupanda jikoni ni mvuke wake tu. Ukilaza, kimiminika chenyewe kinapita kwenye mpira, na moto wake hautaanza na maharage, utaanza na nyusi.

Basi mzee mzima, mjumbe wa kamati ya msiba, unatoka na mtungi wa kilo 6 begani, kandambili miguuni, mpaka dukani. Kijana anakutolea mwingine uliojaa.

"Kijana, nipimie."

"Bosi wangu, una sili ya kampuni huo. Haujaguswa."

"Sili nimeiona. Nipimie."

"Mzani upo, bosi. Betri ndiyo haipo."

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, inamtaka muuzaji awe na mzani, na kweli anao, kautundika juu ya kalenda ya mwaka juzi. Lakini aliyewahi kuumwa na nyoka huja na betri zake, kazichomoa kwenye rimoti ya televisheni. Zinaingia barabara. Kijana uso unamshuka, ananing'iniza mtungi, mara uso unampanda tena.

"Unaona, bosi? 28.4! Umezidi huu!"

Usishangilie. Tazama kona ya kioo: pameandikwa lb. Hizo ni pauni. Bonyeza kitufe cha UNIT mpaka ije kg, usome upya: 12.9. Sasa inama usome kola ya mtungi, pale penye herufi T.W., ndio uzito wa chuma kitupu. Pameandikwa 7.6. Jumlisha na 6 za gesi, mzani ulipaswa kusema 13.6. Gramu 700 ziko wapi?

"Bosi, gesi si hewa tu? Hewa ina uzito gani?"

Hapa ndipo heshima ya kamati ya msiba inapoisha. Kama haina uzito, mbona mnaiuza kwa kilo? Mbona hamuuzi kwa harufu? Na nzito ni nzito kweli, kuliko hewa yenyewe. Ikivuja haipai darini, inatambaa sakafuni kama mlevi, inasubiri cheche. Lete mwingine! Na huo mwingine usome T.W. yake upya, maana mitungi hailingani uzito hata kama ni ya kampuni moja. Pima na ule unaourudisha. Ukizidi T.W. yake kwa nusu kilo, basi unamrudishia gesi ya bure, na aliyekudanganya kuwa imeisha huenda ni regulata.

Nyumbani, kabla ya kiberiti, zima swichi zote za jiko. Chungulia mdomo wa vali: kile kimpira cheusi kipo, hakijapasuka? Kikikosekana, regulata utaikaza mpaka jasho na bado itavuja. Kijiko cha sabuni ya maji kwenye nusu kikombe cha maji, koroga, paka povu shingoni mwa vali, kwenye regulata na ncha zote mbili za mpira, halafu fungua mtungi. Povu likivimba, panavuja. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, na taa iache ilivyo, usiwashe wala usizime. Kuna watu wanatafuta mvujo kwa njiti ya kiberiti. Sina la kuwaambia.

Moto wa buluu ndio moto. Ule wa njano unaopaka sufuria masizi unalia njaa ya hewa, matundu yameziba uji wa juzi, yazibue kwa sindano jiko likiwa limezimwa.

Na hayo maharage, nani kayapika bila kuyaloweka usiku kucha? Saa tano hii ndiyo yanarudi motoni, na televisheni imekwama kwenye tangazo la dawa ya mende, sauti juu, kwa sababu betri za rimoti zimebaki dukani, ndani ya mzani.