Mita 10 kwa siku: nguvukazi inapoharibu makadirio ya ujenzi

Kwenye makadirio ya jengo, vifaa havisumbui sana. Tofali la saruji la milimita 440 kwa 215, likijengwa kwa kiungo (nafasi ya mchanganyiko wa saruji kati ya matofali) cha milimita 10, linakwenda matofali 9.88 kwa mita ya mraba. Andika 10, ongeza asilimia 5 ya kuvunjika, umemaliza. Ugomvi uko kwenye nguvukazi: fundi mmoja na msaidizi wake watajenga mita ngapi za mraba kwa siku, na takwimu hiyo itoke wapi?

Wakadiriaji majenzi wengi huanza na viwango vya jedwali, yaani takwimu za kawaida za kazi ya siku moja, na wana sababu. Kiwango kinachojulikana kwa wote hurahisisha kulinganisha zabuni, na mwenye kukipinga anajua mstari gani wa kupinga. Wakandarasi wenye uzoefu hujibu kwamba jedwali halijawahi kupanda jukwaani, ndiyo maana wao hutumia kumbukumbu za miradi yao. Hoja ina uzito, ila kumbukumbu zenyewe mara nyingi ni daftari la mahudhurio tu: watu kadhaa, ukuta, siku moja. Daftari halisemi kwamba mchanga ulifika saa tano asubuhi. Ukikadiria kwa daftari hilo, uzembe wa mradi uliopita unaingia kwenye bei ya mradi ujao.

Kosa hapa halina huruma. Tuseme ukuta una mita za mraba 600 na umekadiria mita 10 kwa fundi kwa siku: siku-fundi 60, yaani siku 60 za kazi ya fundi mmoja. Kasi ikishuka hadi 8, yaani asilimia 20, siku zinakuwa 75, na gharama imepanda asilimia 25. Ikishuka kwa nusu, gharama inakuwa mara mbili. Wastani nao unadanganya. Nusu ya ukuta ikijengwa kwa kasi ya 12 na nusu kwa kasi ya 8, jibu si siku 60 bali 62.5, kwa kuwa sehemu ya polepole ndiyo inayokula siku nyingi. Na sehemu hiyo ipo kila jengo: kozi (mstari wa matofali) ya kwanza inayosubiri vipimo na pima maji, pembe, pembeni mwa madirisha ambako tofali linakatwa, na kila kinachozidi kimo cha mita 1.5 hivi, jukwaa linapohitajika.

Frank Gilbreth, aliyekuwa mwashi kabla ya kuwa mtafiti wa kazi nchini Marekani, alipunguza mijongeo ya kujenga tofali moja kutoka 18 hadi 5. Hakuwahimiza mafundi wakimbie. Aliinua jukwaa na kuweka matofali usawa wa mkono, ili fundi asiiname kila mara. Ndiyo maana sioni haja ya kuchagua kambi moja kati ya jedwali na daftari. Jedwali litoe saa za kazi yenyewe. Daftari litoe saa za kusubiri, kuhamisha jukwaa na kurudia kazi. Ziandikwe safu mbili. Ukizichanganya kuwa namba moja, hutajua kama umeletewa mafundi wabovu au msimamizi mbovu.

Kazi ya nondo inaonyesha hatari nyingine, ya kipimo kisichofaa. Nondo hukadiriwa kwa kilo. Nondo ya milimita 16 ina kilo 1.58 kwa mita, ya milimita 8 ina 0.395, robo kamili. Tani moja ya nondo za 8 ni mita 2,500 na ushee za kukata, kukunja ringi na kufunga waya. Tani ya 16 ni mita 630 hivi. Bei moja kwa kilo itampa faida fundi wa msingi mwenye nondo nene, na kumkimbiza fundi wa nguzo mwenye ringi nyingi nyembamba.

Basi kwa nini usiwalipe mafundi kwa kipande, yaani kwa kiasi cha kazi badala ya siku, ili kasi iwe shida yao? Mwajiri anapata gharama inayojulikana mapema, na fundi hodari anapata zaidi. Lakini angalia viungo. Fundi akivipanua kutoka milimita 10 hadi 20, kila tofali linafunika eneo kubwa zaidi kwa karibu asilimia 7. Analipwa mita zilezile kwa matofali machache, huku mchanganyiko wa saruji ukikaribia kuwa maradufu kwa gharama ya mwenye jengo. Viungo vya wima huachwa wazi, na plasta huficha.

Kipande kinafaa pale ubora unapopimika kabla ya malipo: kuchimba msingi, kupanga matofali, ukuta mrefu ulionyooka wenye mkaguzi wa viungo kila kozi ya tatu. Kwa pembe, vyumba vidogo na chochote kitakachofunikwa kesho, malipo ya siku ni nafuu, hata kama kwenye karatasi yanaonekana ghali.