Nguo Zinazosubiri Stoo

Katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto aliwaandikia wamonaki wake kanuni yenye sura 73. Sura ya 58 ina jambo dogo linalonirudia kila mjadala wa utii wa kitawa unapozuka. Mnovisi, yaani mtawa aliye kwenye majaribio, akiweka nadhiri, anavuliwa nguo zake na kuvikwa za monasteri. Zile za zamani hazitupwi. Zinatunzwa stoo, ili siku akiondoka avuliwe za monasteri na arudishiwe zake.

Watetezi wa utii watakuambia: unaona, mlango upo, na hakuna aliyeburutwa kuingia. Tena abate, mkuu wa monasteri, naye kabanwa: sura ya 3 inamtaka aite jumuiya nzima panapokuwa na jambo zito, hata vijana, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Hoja hiyo ina uzito. Pasipo na kanuni iliyoandikwa madaraka hayapotei, yanamwendea mwenye haiba au mwenye sauti kubwa, na huyo hana sura ya kusomewa.

Ila kanuni hiyo hiyo, sura ya 54, inamkataza mmonaki kupokea barua, hata ya wazazi wake, bila ruhusa ya abate. Sura ya 55 inataka vitanda vikaguliwe mara kwa mara, asije mtu akaficha kitu. Amri kubwa unaiona na unaweza kuipima. Anayeamua barua ipi ikufikie hana hata haja ya kukuamuru. Baada ya muda unajichuja mwenyewe.

Kwangu mimi kasoro haiko kwenye nadhiri. Iko pale mtu mmoja anaposhika kazi yako na dhamiri yako kwa pamoja: anayekupangia jikoni au kukupeleka masomoni ndiye unayemfungulia moyo. Kanisa lenyewe liliiona hatari hiyo. Desemba 1890, chini ya Papa Leo XIII, amri ilitoka kuwakataza wakuu wa mashirika kuwashurutisha watawa wawafunulie dhamiri zao, na Sheria ya Kanoni ya 1983, yaani sheria za Kanisa Katoliki, inalirudia katazo hilo katika kanuni ya 630. Jambo lisilotendeka halitungiwi katazo.

Wapo waliokwenda kinyume kabisa na katazo hilo. Legionari wa Kristo, shirika lililoanzishwa na Marcial Maciel mwaka 1941, walikuwa na nadhiri ya pekee ya kutomkosoa mkuu, na ya kumripoti anayemkosoa. Mwaka 2006 Vatikani ilimwondoa Maciel kwenye huduma ya hadharani kufuatia tuhuma za unyanyasaji wa kingono. Mwaka uliofuata Papa Benedikto XVI aliifuta nadhiri hiyo. Utasema Maciel alikuwa mtu mmoja mwovu. Sawa, lakini waliomzunguka walikuwa wameapishwa kunyamaza.

Na ule mlango? Kanuni ya 702 ya Sheria hiyo ya Kanoni inasema anayetoka hana haki ya kudai chochote kwa kazi aliyoifanya shirikani, ingawa shirika linatakiwa kumtendea kwa haki na upendo. Mtawa aliyefundisha miaka 30, mshahara wote ukiingia mfuko wa shirika, yuko huru kuondoka, kwenye karatasi. Nguo alizokuja nazo akiwa na miaka 20 hazimwingii tena, na kipimo cha huo upendo kiko mikononi mwa wakuu wale wale alioshindwa kuishi chini yao.